Mpira Ukae, Usilale

Sogeeni karibu, na aliye na neno aliweke kwanza chini ya ulimi, maana nitalihitaji mwishoni. Hadithi ya leo haina zimwi wala sungura. Ina fimbo moja, mpira mmoja, na fomu yenye mstari mmoja mtupu. Nimeizunguka kwa muda mrefu kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango, na mlango bado sijauona. Huenda ninyi mkauona.

Katika mji mdogo wa Kyandani, chini ya vilima, waliishi watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Syombua, msusi wa vyondo, vile vikapu vya katani. Mabinti wote wa mji walimwita Susu, yaani nyanya, hata wasiokuwa wajukuu zake. Kipaji chake kilikuwa vidoleni. Angefumba macho, ukampa uzi wa katani, naye angekuambia kama mkonge wake uliota bondeni au mlimani, ulianikwa siku ngapi, na kama aliyeusokota alikuwa na hasira. Hilo la mwisho watu walidhani ni mzaha, mpaka siku alipomrudishia jirani yake kitita cha nyuzi akimwambia, "Kapatane na mumeo kwanza, kisha usokote upya." Jirani aliona haya, kwa sababu ilikuwa kweli.

Wa pili alikuwa Ndinda, binti wa miaka kumi na minane, mchezaji. Kipaji chake kilikuwa kwenye kifundo cha mkono. Wenzake walimfunga macho kwa leso, wakamtilia mpira kwenye wavu wa fimbo yake, na mara nyingine wakamtilia limau. Ndinda aliitikisa fimbo mara moja tu. "Limau," alisema, "na limeanza kuoza upande." Walilipasua, wakakuta limeoza upande.

Wa tatu alikuwa Kitonga, mpima ardhi mstaafu, ambaye sasa alikuwa mwamuzi wa michezo. Kipaji chake kilikuwa machoni. Alikuwa akisimama mlangoni pa nyumba mpya, mikono nyuma, akasema, "Dirisha la kushoto limeshuka kidole kimoja." Fundi angenuna, angeleta pimamaji, na hicho kidole kimoja kingeonekana.

Shikeni hapo: vidole, mkono, macho.

Sasa mchezo wenyewe. Unaitwa lakrosi. Mabinti hukimbia wakiwa na fimbo, na kichwani mwa kila fimbo pana wavu mdogo uliofungwa kati ya kingo mbili. Mpira hudakwa kwa wavu, hubebwa kwa wavu, na hurushwa golini kwa wavu. Wavu ukiwa na kina cha wastani, mpira unaweza kudondoka wakati wowote, na mchezaji hana budi kuulea kwa ustadi. Wavu ukiwa na kina kirefu, mpira huzama humo kama sarafu mfukoni. Adui hawezi kuupangua, na ukirushwa huchelewa kutoka, kisha hutoka ghafla, hata kipa asijue umetokea wapi.

Kwa sababu hiyo pana kanuni ya wavu. Mwamuzi huweka mpira ndani, huinua fimbo mpaka usawa wa macho, hutazama kutoka ubavuni. Akiona mgongo wa mpira juu ya ukingo, fimbo ni halali. Asipouona, fimbo ni haramu, na bao lililofungwa nayo linafutwa. Katibu wa chama cha wilaya, Bi. Nzilani, alipoiandika kanuni hiyo kwa Kiswahili, aliona maelezo ni marefu mno kwa mabinti wenye haraka, akayafupisha kuwa maneno matatu: Mpira ukae, usilale. Wote walielewa. Mpira unaoonekana umekaa. Mpira uliozama umelala. Ikawa hata sokoni, mtu akizembea kazini, wanamwambia, "Wewe umelala, utafutiwa bao."

Fimbo hukaguliwa asubuhi kabla ya mchezo. Bao la mwisho la fainali hukaguliwa tena, palepale uwanjani. Na wakati wowote mchezo unapoendelea, mpinzani anayeshuku ana haki ya kuinua mkono na kuomba ukaguzi.

Fainali ya mwaka ule ilikuwa kati ya Kyandani na Mwakiti, mji wa upande wa pili wa reli. Siku moja kabla, wavu wa Ndinda ulikatika. Nyuzi za nailoni zilikuwa zimekwisha, na nyingine zingefika baada ya miezi. Alikuwa na fimbo ya akiba, lakini wavu wake ulikuwa mgumu kama ungo, na hakuipenda. Akampelekea Susu ile iliyokatika.

"Susu, unaweza?"

"Nimesuka vikapu vilivyobeba mahindi ya mji mzima," alisema Susu. "Hiki kikombe chako kitanishinda nini?"

Alisuka kwa katani, jioni nzima, na kazi ilikuwa nzuri. Alfajiri akafanya alilofanya kwa kila kazi tangu utotoni. Kwa wasusi wa Kyandani, kazi ya katani haitolewi kavu. Kikapu kinachotolewa kikavu, walisema, kimetolewa kwa kinyongo. Kwa hiyo msusi huchovya mkono kwenye bakuli la maji, huipapasa kazi yake mara tatu, na husema, "Nenda ukabebe." Susu alichovya, akapapasa, akasema. Akaweka mpira ndani ya wavu akautazama. Umekaa. Lakini yeyote aliyeshika katani maisha yake yote anajua kuwa hujikaza ikilowa na hulegea ikikauka. Susu alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Wazo lilimjia, mchana jua litakuwa kali. Akaliacha lipite, kwa sababu Ndinda alikuwa amesimama mlangoni akirukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu, na kwa sababu kikapu kikilegea kidogo hakuna anayeumia.

Saa mbili asubuhi Kitonga alikagua fimbo zote ghalani, peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Fimbo ya Ndinda ilikuwa bado na unyevu. Mpira ulikaa. Aliipitisha kwa haki.

Mchezo ulianza saa nne, na jua halikumwonea mtu huruma. Kufikia robo ya nne timu zilikuwa sare, sita kwa sita. Zikiwa zimebaki dakika mbili, Ndinda alidaka mpira katikati ya uwanja, na mkono wake ukamwambia jambo. Mpira haukutikisika. Ulikuwa umetulia chini kabisa, mzito, kama mtoto aliyelala mgongoni. Ndinda aliitambua hali hiyo papo hapo, kwa maana mkono ulioweza kujua limau bovu haungeshindwa na hili. Mpira ukatoka nje. Ulikuwa wakati wa kubadilisha fimbo, na fimbo ya akiba ilikuwa kwenye benchi, hatua kumi tu. Akaitazama ile fimbo ngumu kama ungo. Kisha akajiambia, "Refa ameshaikagua." Akarudi uwanjani.

Sekunde za mwisho alikimbia upande wa kulia, akajipinda, akarusha. Mpira ulichelewa kutoka, kisha ukatoka. Kipa wa Mwakiti, Wakesho, alikuwa amekwisha kuruka upande mmoja. Mpira ulipita upande mwingine.

Bao la mwisho la fainali. Kitonga alipuliza filimbi, akachukua fimbo mbele ya watu wote, akaweka mpira, akainua mpaka usawa wa macho. Aliona ukungu. Kwa mwaka mzima macho yake yalikuwa yakiufumba ulimwengu taratibu, na miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake, upande wa moyo. Ghalani asubuhi aliivaa, kwa kuwa hakukuwa na mtu. Hapa walikuwepo watu mia tano, na wengi wao madirisha ya nyumba zao aliyasawazisha yeye kwa jicho tupu. Mkono wake uligusa mfuko. Ukashuka. "Umekaa," alisema.

Basi, Kyandani walishinda.

Na kama hadithi ingeishia hapo, ningeifunga kwa nyimbo. Lakini bao lina pande mbili, na upande wa pili alisimama Wakesho.

Wakesho alikuwa amelinda goli la Mwakiti kwa miaka minne. Siku iliyofuata, alipopita sokoni kununua chumvi, muuza nyanya alimwita kwa sauti ya upole uliokuwa mbaya kuliko matusi: "Mlango wa Kanisa, hujambo?"

"Kwa nini mlango wa kanisa?" aliuliza mteja mmoja.

"Haufungwi. Anayetaka anaingia."

Watu walicheka, na jina likamganda. Hata shangazi yake, mtu mwenye huruma, alimwambia, "Mwanangu, ungekosa la kufanya, si ungetandaza hata kanga?" Hayo yote aliyavumilia. Lakini kulikuwa na watoto wa darasa la nne aliokuwa akiwafundisha kudaka kila Jumatano, na Jumatano ile mmoja wao alimwambia bila ubaya wowote, kama watoto wasemavyo, "Dada Wakesho, sisi tunataka kipa anayedaka." Wakesho alikwenda nyumbani, akatundika glovu zake msumarini nyuma ya mlango, na hakurudi tena uwanjani.

Habari hizo zilivuka reli zikafika Kyandani. Zilimfika Susu akiwa na sindano mkononi, zikamfika Ndinda akiwa na medali shingoni, zikamfika Kitonga akiwa amevaa miwani, peke yake. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayejua kasoro ya bao lile.

Fimbo ya ushindi ilikuwa imetundikwa ukutani katika ofisi ya chama, juu ya kombe. Jumatatu ya wiki ya pili Bi. Nzilani alikuwa akifagia, akaiteremsha, na kwa mchezo tu akatia mpira ndani. Ukazama kama yai kwenye kiota. Akainua fimbo mpaka usawa wa macho. Hakuona kitu ila ukingo.

Aliichukua mpaka kwa Susu. Susu hakuuliza kilichomleta. Alichovya mkono kwenye bakuli, akaupapasa wavu mara tatu, wakangoja kama watu wanaongoja chai iive. Wavu ukajikaza. Mpira ukapanda polepole mpaka mgongo wake ukaonekana.

"Nilijua," alisema Susu. "Nilijua tangu alfajiri ile, mwanangu, na nimekuwa nikijua kila siku tangu hapo."

Sasa sikilizeni habari ya fomu, kwa sababu shida yote imo humo.

Chama kilikuwa na Fomu ya Kosa la Kifaa. Ikijazwa, bao linafutwa, na matokeo yanasomwa upya hadharani katika miji yote miwili. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya Wakesho, na haikuwepo nyingine. Lakini kwenye fomu pana mstari ulioandikwa: Jina la mhusika (mmoja tu). Maneno hayo mawili ya mwisho aliyaongeza Bi. Nzilani mwenyewe. Miaka ya nyuma makapteni walikuwa wakiandika majina ya timu nzima, watu kumi na wawili, na kosa likigawanywa kwa watu kumi na wawili hakuna anayelihisi. Aliyeandikwa alikaa nje msimu mmoja: asicheze, asiamue, asiguse kifaa cha mchezaji yeyote. Na fomu ilikuwa na mwisho wake. Ijumaa saa sita mchana daftari la msimu lingefungwa, na baada ya hapo matokeo yangebaki yalivyo, na jina la Wakesho lingebaki lilivyo.

Jumatano Bi. Nzilani aliwaita Ndinda na Kitonga ofisini. Susu alikuja bila kuitwa. Fimbo ilikuwa mezani, fomu kando yake. Bi. Nzilani alieleza kuhusu wavu, na hakumlaumu mtu. Alipomaliza, alitarajia kila mmoja amnyooshee mwenzake kidole, kwa kuwa ndivyo alivyozoea. Akafungua kalamu kwa unyonge.

"Andika Syombua," alisema Susu. "Wavu ule ulisema uongo. Asubuhi ulisema hivi, mchana ukasema vile, na aliyeufundisha ni mimi. Hawa wawili walidanganywa na kazi ya mikono yangu."

"Mimi sikudanganywa, Susu," alisema Ndinda. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye. "Niliuhisi. Nilijua mpira umelala. Wewe ulikuwa nyumbani unamenya mihogo, mimi nilikuwa na fimbo mkononi na dakika mbili za kuibadilisha. Nikajiambia refa ameshaikagua, kana kwamba refa ndiye angeirusha. Andika Ndinda."

"Tulia, binti," alisema Kitonga.

"Siwezi kutulia. Nimeota nikirusha bao lile mara nyingi, na kila mara linamwingia Wakesho mdomoni."

Kitonga alikohoa. "Mnajua kwa nini mwamuzi anawekwa mwisho? Kwa sababu wote waliotangulia wanaweza kukosea. Msusi anaweza kukosea, mchezaji anaweza kukosea, hata jua linaweza kukosea, na kosa lote likaishia kwenye jicho la mtu mmoja. Ule mlango wanaouimba kule Mwakiti, mlango usiofungwa, ulikuwa mimi. Niliulizwa mbele ya watu mia tano, mpira umekaa au umelala, nikajibu nisichokijua."

"Kivipi hukujua, Mzee?" aliuliza Bi. Nzilani. "Wewe?"

Kitonga alitia mkono mfukoni, akatoa miwani, akaivaa. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona nayo. Aliwatazama mmoja mmoja kama mtu aliyerudi kutoka safari.

Susu akasema, "Kumbe unafanana na hakimu."

"Hakimu asiyeona."

"Na bado unataka kusimama mstari wa mbele. Mzee Kitonga, hata kwenye hatia unataka upewe kiti?"

Ndinda alicheka huku machozi yakimtoka, na Kitonga naye akacheka kidogo. Kisha wakaanza tena kugombana kama ndugu wanaogombea urithi, ila hawa kila mmoja alikuwa akivuta kaburi upande wake.

Bi. Nzilani aliwasikiliza, na kalamu haikugusa karatasi, kwa kuwa alizijua gharama.

Akimwandika Susu, mabinti nane wa Kyandani, ambao tangu fainali walikuwa wamemwagiza nyavu za katani kwa kuwa nailoni haijafika, wangebaki bila wa kuwasukia msimu mzima. Na Susu mwenyewe, aliyesuka kwa miaka hamsini vikapu vilivyoondoka na wageni asivione tena, angepoteza tumaini alilolipata uzeeni. Alitamani siku za mechi akae kwenye kigoda pembeni, akiitazama kazi yake ikikimbia.

Akimwandika Ndinda, hakuna msimu mwingine. Mabinti hucheza mpaka miaka kumi na tisa, na timu ya wakubwa haikuwepo. Msimu mmoja kwa mwingine ni msimu mmoja. Kwake ulikuwa wote uliobaki.

Akimwandika Kitonga, miji hiyo miwili ingekosa mwamuzi pekee ambaye wote walimkubali, na aliyekubaliwa kwa jicho lake angetangazwa hadharani kuwa jicho ndilo lililomwangusha. Daktari alikuwa amemwambia kwamba hata kwa miwani amebakiza msimu mmoja, labda miwili.

"Nipeni mpaka Ijumaa," alisema Bi. Nzilani.

Alhamisi alivuka reli kwenda Mwakiti. Alimkuta Wakesho uani kwa shangazi yake akipura mbaazi. Glovu zilionekana nyuma ya mlango, msumarini, vidole vikining'inia.

"Nimekuletea habari njema," alisema Bi. Nzilani, akaketi, akamweleza yote: katani, jua, miwani, na wale watatu wanaogombea mstari mmoja. "Bao litafutwa. Nimebakiza jina tu. Wewe ndiye uliyeumizwa, nikaona nikuulize. Niandike nani?"

Wakesho aliendelea kupiga mbaazi. Alipoacha, alifuta mikono kwenye leso taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Robo ya nne, Ndinda alinijia mara ya kwanza, beki akampiga, fimbo ikainama kabisa, mdomo chini. Mpira haukudondoka. Mpira uliokaa ungedondoka, Bi. Nzilani. Nikajua umelala."

"Ulikuwa na haki ya kuinua mkono."

"Nilikuwa nayo."

"Sasa?"

"Msimu uliopita niliinua mara mbili. Fimbo zote mbili zikapatikana halali. Wakaniita Bi. Malalamiko mpaka Krismasi." Akatabasamu bila furaha. "Nikasema safari hii sitamshtaki, nitamzuia. Nitamzuia na kosa lake mkononi mwake, na nitakapomzuia ushindi utakuwa mtamu mara mbili. Nilitaka utamu ule. Dakika mbili nzima nilikuwa na mkono, na nikauacha chini."

Kuku alikuja akadonoa mbaazi zilizoruka, na hakuna aliyemfukuza.

"Ukiandika jina la mmoja wao," Wakesho aliendelea, "nitasafishwa. Watoto watarudi, nitavaa glovu. Na huyo mtu atakaa nje msimu mzima kwa jambo ambalo ningelizuia kwa kuinua mkono. Wao watatu wamekiri. Mimi nilikuwa nimekaa hapa nikihurumiwa." Alimtazama Bi. Nzilani usoni. "Jina langu linaweza kuingia kwenye mstari huo?"

"Ukijiandika, bao linafutwa lakini wewe ndiye utakayekaa nje. Watakuita jina baya zaidi ya hilo."

"Najua. Nimeuliza kama linaweza kuingia."

"Fomu inasema mhusika," alisema Bi. Nzilani. "Haisemi wa upande gani."

Ijumaa ilifika. Saa tano na nusu Bi. Nzilani alikuwa ofisini peke yake. Nje, kwenye benchi, walikaa wanne, maana Wakesho naye alikuwa amevuka reli. Alikuwa ameketi kando ya Ndinda. Ndinda alikuwa amemsogezea nafasi ya kivulini. Susu alisuka. Kitonga alivaa miwani yake mbele za watu, na kila aliyepita aliitazama kisha akatazama kando.

Bi. Nzilani alifikiria kuyafuta yale maneno mawili, mmoja tu. Yalikuwa yake, aliyaandika mwenyewe. Akawakumbuka wale kumi na wawili wa zamani, walivyotoka ofisini humu wakicheka, mzigo wa kila mmoja ukiwa mwepesi kama unyoya, na aliyekosewa akibaki bila hata mtu mmoja wa kumtazama. Akayaacha. Kisha akafikiria kutojaza fomu kabisa, na akaona glovu zikining'inia msumarini.

Akatia mpira kwenye wavu, akainua fimbo mpaka usawa wa macho. Umelala. Aliishusha, akachukua kalamu, na akatazama saa.

Hapo ndipo hadithi iliponiachia, na hapo ndipo ninapowaachia. Nimeisimulia kwa watu wengi. Wasusi waliniambia aandikwe Kitonga, maana jicho ndilo linaloapa. Wazee wanaoficha miwani yao walisema Ndinda, maana kijana ana mengine mbele. Mabinti walisema Susu, yeye ndiye aliyeanza, kisha wakanyamaza kama watu waliosikia sauti zao wenyewe. Na mtu mmoja tu, mwanamke aliyekuwa ameketi nyuma kabisa, alisema Wakesho, na alipoulizwa sababu alisimama akaenda zake. Mimi nimewahi kuwachagua wote wanne, kila mmoja kwa wakati wake, kulingana na kilichokuwa kikinisuta siku hiyo.

Sasa litoeni lile neno mlilolificha chini ya ulimi. Saa inakaribia sita. Mstari ni mmoja, na kalamu nimekukabidhi wewe. Je, ungeandika jina la nani?